Mambéty na fisi wake: Jamaa wa Dakar aliyetuacha njia panda Kisaju

Umewahi kukaa mbele ya filamu dakika 20 nzima na bado hujui stelingi ni nani? Hakuna bunduki, hakuna anayefukuzwa, hakuna anayekueleza chochote. Mtoto amepanda ng'ombe, kundi zima linatembea naye polepole. Kisha ghafla uko ndani ya kichinjio, na damu unayoona ni damu ya kweli. Kisha anatokea kijana kwenye nduthi iliyofungwa fuvu la ng'ombe mbele ya usukani, pembe zimetanuka huku na huku. Anaenda wapi? Huambiwi.

Hiyo ndiyo filamu niliyowawekea wasee wa mtaa wetu hapa Kisaju, Jumamosi moja usiku, kwenye kibanda cha video ambacho siku nyingine huonyesha mpira wa Uingereza na filamu za kupigana zilizotiwa sauti na DJ Afro. Tulianza tukiwa watu 31. Najua idadi kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikikusanya shilingi 20 za stima. Baada ya nusu saa viti vya mbele vilikuwa vitupu. Jamaa mmoja alinifuata mlangoni kudai pesa zake, akisema kama shida yake ingekuwa kuona ng'ombe angebaki kwao Isinya. Tulimaliza tukiwa 12, na hao 12 walibishana hadi saa saba usiku. Nitarudi kwa huo ubishi. Kwanza nikujulishe mtu aliyetuletea hayo yote.

Djibril Diop Mambéty alizaliwa Januari 1945 huko Colobane, kando ya Dakar, nchini Senegal. Babake alikuwa kiongozi wa dini ya Kiislamu. Kijana mwenyewe alivutwa na jukwaa. Akaingia kundi la waigizaji la ukumbi wa kitaifa wa Daniel Sorano jijini Dakar, na hakudumu: alitimuliwa kwa utovu wa nidhamu.

Nakiri hapo ndipo nilipoanza kumpenda. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, na haukuwa ushujaa wowote. Karo iliisha na hamu ikaisha, sikumbuki ipi ilitangulia. Kwa hivyo nikisoma kuhusu mtu aliyeonyeshwa mlango mahali fulani na maisha yake yakaendelea, nasogeza kiti karibu. Lakini usiende kumwambia mamako kwamba gazeti limekuruhusu uache masomo. Mambéty hakukaa kitako kulia. Alichukua kamera, kitu ambacho hakuwa amesomea popote, na mwishoni mwa miaka ya 60 akatoa filamu fupi, Contras' City, inayoutembelea mji wa Dakar na kuyacheka majengo yaliyoachwa na Wafaransa. Mwaka wa 1970 akatoa Badou Boy, kuhusu mvulana mjanja wa mtaani anayewindwa na polisi mnene. Hiyo ilipata tuzo kwenye tamasha la Carthage, Tunisia. Alikuwa na umri wa miaka 25.

Lazima uelewe alikuwa anafanya kazi hiyo kwenye kivuli cha nani. Senegal tayari ilikuwa na Ousmane Sembène, mkubwa wake kwa zaidi ya miaka 20, mtu aliyesomea filamu Moscow na ambaye wengi humwita baba wa filamu za Afrika. Filamu za Sembène hukushika mkono: huyu ndiye mnyanyasaji, huyu ndiye anayenyanyaswa, hapa ndipo tunapofaa kukasirika. Mimi nazipenda, usinielewe vibaya. Lakini Mambéty alikuwa mtu wa kukuachilia mkono katikati ya soko, halafu anajificha nyuma ya magunia aone utafanya nini.

Mwaka wa 1973, akiwa na miaka 28 na bajeti ya takriban dola 30,000, akatoa Touki Bouki. Kwa Kiwolofu maana yake ni safari ya fisi.

Hadithi yenyewe unaweza kuisimulia ukisubiri matatu. Mory ni mchungaji mwenye nduthi. Anta ni mwanafunzi wa chuo kikuu. Wote wawili wamechoka na Dakar na wanataka kwenda majuu, Paris. Hawana pesa. Wanajaribu kuiba sanduku la mapato kwenye uwanja wa miereka, wakilifungua wanakuta fuvu. Wanaenda kwa tajiri mmoja aliyempenda Mory, wanamwibia nguo na gari. Wanafika bandarini wamevaa kama mabwanyenye. Anta anapanda meli. Mory akiwa pale kwenye ngazi, anageuka na kukimbia kurudi mjini, mbio za mtu aliyeona jini. Meli inaondoka na Anta. Mory anaenda kuipata nduthi yake imevunjika barabarani.

Ukisimulia hivyo inaonekana rahisi. Kuitazama ni kitu kingine. Mory na Anta wanaonekana wakipokewa na umati kama marais, na hakuna anayekuambia hizo ni ndoto zao. Bahari inapiga mwamba, inapiga tena, inapiga tena. Wimbo wa Josephine Baker kuhusu Paris unarudiwarudiwa hadi unataka kurushia spika jiwe (na nadhani hiyo ndiyo nia, kwa sababu ndoto ya majuu huzunguka kichwani vivyo hivyo). Kuna vipande vinavyonichosha hata mimi niliyeitazama mara nne. Mbaya zaidi kwa mtazamaji wa kawaida, kamera haiingii kamwe ndani ya kichwa cha Mory kukuonyesha kwa nini aligeuka. Hasemi neno. Hakuna rafiki anayemuuliza. Unabaki wewe na kile kisogo chake kinachokimbia.

Watu kukasirishwa na filamu za aina hiyo si ushamba wa Kisaju. Mwaka wa 1960 kule Cannes, Ufaransa, Mwitaliano Michelangelo Antonioni alionyesha L'Avventura, ambamo mwanamke anapotea kisiwani na filamu haikuambii kamwe alikoenda. Watu waliovaa suti walizomea ukumbini. Filamu hiyo hiyo ikaondoka na tuzo ya majaji. Touki Bouki nayo ilipita Cannes, ikapata tuzo ya wakosoaji kule Moscow, na haikumtajirisha Mambéty. Baada yake alikaa karibu miaka 20 bila kutoa filamu nyingine ndefu.

Sasa ule ubishi.

Wa kwanza alikuwa mhudumu wa boda. Kwake Mory ni mjinga wa kiwango cha kitaifa. Tiketi unayo, suti unayo, mrembo unaye, unarudi kwa sababu ya nduthi? Alisema yeye angeiuza yake papo hapo bandarini na kubaki na chenji. Watu wakacheka, lakini nilimwangalia usoni na hakuwa anacheka. Unaijua hali hapa kwetu. Kila mlingoti wa barabara ya Namanga una karatasi ya ploti zinazouzwa, na chini yake karatasi ya kazi za Qatar, Saudia na Dubai. Ploti hatuwezi, kwa hivyo tunasoma ile ya chini. Binamu yangu aliisoma na akaenda Doha.

Dada mmoja anayesomea ualimu akapinga. Alisema hawakuondoka kabisa. Ukitazama mwisho, filamu inawarudisha wale wapenzi wawili juu ya mwamba kando ya bahari, na yule mtoto wa mwanzo na ng'ombe wake. Basi pengine wizi, gari na meli vyote vilipita kichwani wakiwa wamelala pale pale. Kibanda kizima kikanyamaza kidogo. Mwenye boda akauliza kama ni hivyo yeye ametazama nini saa moja na nusu.

Halafu akazungumza mzee mmoja, dalali wa ng'ombe, ambaye nadhani aliingia tu kwa sababu alisikia milio ya mifugo. Hajali Paris. Alisema amepeleka ng'ombe vichinjioni maisha yake yote, na kuna ng'ombe anayefika mlangoni, akisikia harufu ya ndani, anakita miguu na kugeuka. Humwelezi kitu. Akasema kijana alipofika kwenye ile ngazi ya meli alifanya hivyo hivyo, na ndiyo maana huyo mwenye filamu alituonyesha kichinjio kwanza.

Mimi nilikuwa nimeitazama mara nne, nimesoma makala za maprofesa, na sikuwa nimeliona hilo kwa uwazi huo. Mambéty anakurudishia picha za ng'ombe wakiburutwa pale Mory anapokuwa kwenye ngazi. Lipo pale wazi. Lilihitaji tu mtu anayewajua ng'ombe.

Na kuna lile la fisi, ambalo nilidhani ni langu peke yangu hadi nilipolisema kwa sauti na kila mtu akadai alikuwa nalo. Sote tumesimuliwa tukiwa watoto kuhusu fisi aliyefika njia panda, akanusa nyama upande huu na upande ule, akaweka mguu mmoja huku na mwingine huku hadi akapasuka msamba. Njia mbili zilimshinda fisi. Sidai Mambéty aliisikia hadithi yetu. Lakini ukiwa Mwafrika Mashariki ukaambiwa jina la filamu ni safari ya fisi, tayari unajua kijana huyu atasumbuliwa na njia mbili.

Fisi hakumwacha Mambéty. Aliporudi na filamu ndefu mwaka wa 1992 aliiita Hyènes, yaani Fisi. Aliichukua tamthilia ya Friedrich Dürrenmatt wa Uswisi na kuihamishia Colobane, jina la kwao alikozaliwa. Mwanamke aliyefukuzwa kijijini akiwa binti mjamzito anarudi akiwa mzee, tajiri kupindukia, na anawaahidi watu utajiri wakimuua mwenye duka aliyemkana. Wanakataa kwa hasira. Kisha mmoja mmoja wanaanza kununua viatu vipya kwa mkopo. Hiyo unaielewa bila msaada wa profesa, na kama wewe ni mgeni kwa kazi zake, anza nayo.

Kuna kitu ndani yake kinachotuhusu. Alitaka filamu iwe ya bara zima, na katika mahojiano alieleza kwamba watu walitoka Senegal, fisi Uganda, na tembo aliwaazima kwa Wamaasai wa Kenya. Nilipowaambia wale 12 habari hiyo, yule mzee dalali alitaka kujua mara moja walilipwa ngapi.

Miaka yake ya mwisho aliwageukia watu wadogo. Alipanga filamu tatu fupi kuwahusu. Le Franc, ya 1994, mwaka ambao thamani ya faranga ya CFA ilikatwa nusu, inamfuata mwanamuziki fukara aliyebandika tiketi ya bahati nasibu mlangoni kwa gundi. Tiketi inashinda, haibanduki, kwa hivyo anaubeba mlango mzima mgongoni kupitia Dakar. Hiyo nitaiweka kibandani bila woga. Hakuna atakayedai shilingi 20 zake. Ya pili inamhusu msichana mwenye magongo anayeamua kuuza magazeti barabarani kama wavulana. Ya tatu hakuifikia. Saratani ya mapafu ilimuua Paris, Julai 23, 1998, akiwa na miaka 53, na ile ya msichana ikatoka mwaka uliofuata bila yeye.

Ndiyo, Paris. Mtu aliyemgeuza Mory kwenye ngazi ya meli alikufa katika mji ule ule ambao Mory alikataa kwenda. Fanya nalo utakalo.

Touki Bouki imeishi kuliko wengi walivyotarajia. Mwaka wa 2008 ilisafishwa na kurekebishwa upya. Mwaka wa 2018 Beyoncé na Jay-Z walipokuwa wakitangaza ziara yao, walipiga picha wakiwa juu ya pikipiki yenye pembe za ng'ombe, na vijana wengi wakadhani ni ubunifu mpya wa Marekani. Mpwa wake, Mati Diop, ambaye sasa ni mwongozaji mkubwa, alitoa Mille Soleils mwaka wa 2013. Alimtafuta Magaye Niang, yule aliyeigiza Mory. Alimkuta bado yuko Dakar, mzee, na bado yuko na ng'ombe. Mareme Niang, aliyeigiza Anta, alikuwa ameenda ng'ambo kitambo.

Nilimtumia binamu yangu filamu kwa simu kule Doha. Alichukua wiki tatu kuimaliza, vipande vipande, akitoka zamu ya usiku. Nilitarajia anieleze kuhusu meli, kwa sababu kati yetu sote ni yeye pekee aliyewahi kusimama kwenye ile ngazi, na hakugeuka. Hakugusia meli. Alituma sauti ya sekunde tisa akiuliza kama ile nduthi ingeweza kutengenezwa, na kama yake, aliyoniachia hapa Kisaju, bado naiwasha kila asubuhi.