Sengier, mtu aliyeuza jiwe la Hiroshima

Juzi nilikuwa Geita, nimekaa kijiwe cha kahawa karibu na makarasha, ukazuka ubishi: hivi lile bomu la atomiki lilikuwa na ulazima kumaliza vita, au Mmarekani alitaka tu kuonyesha ubabe? Watu walibishana mpaka kahawa ikapoa. Nikawauliza, jiwe la kutengenezea bomu lilitoka wapi? Kimya.

Sehemu kubwa ilitoka hapo jirani tu, Kongo. Mgodi unaitwa Shinkolobwe, karibu na Likasi, Katanga, kwa watu wanaoongea Kiswahili kama sisi. Na aliyeliuza ni Mbelgiji mmoja, Edgar Sengier.

Jamaa alizaliwa Kortrijk mwaka 1879, akasomea uhandisi wa madini Leuven, na mwaka 1911 akaingia Union Minière, kampuni iliyokuwa ikichimba shaba ya Katanga. Akapanda mpaka akawa bosi. Sisi wa Shinyanga tumezoea habari za Williamson wa Mwadui, aliyehangaika porini mpaka akaipata almasi mwaka 1940. Sengier hakuwa wa hivyo. Huyu alikuwa mtu wa ofisi na mahesabu.

Shinkolobwe walikuwa wanafuata radiamu. Urani yenyewe ilikuwa haina soko la maana, ilitumika kutia rangi vioo na vyombo vya udongo. Wachimbaji mtanielewa: ni kama yale marudio yaliyotupwa zamani, leo watu wanayagombania.

Mwaka 1939, akiwa London, mwanasayansi wa Kiingereza Henry Tizard alimtahadharisha kwamba mzigo alionao ukiangukia mikononi mwa adui ni balaa. Sengier hakupuuza. Mwaka 1940 Hitler akaiteka Ubelgiji, naye akiwa New York akaagiza takriban tani 1,200 za mawe hayo zivushwe bahari. Yakawekwa ghalani Staten Island, ndani ya mapipa, yanakula vumbi. Akawagusia wakubwa wa Marekani, hawakushtuka.

Septemba 1942 ndipo Kanali Kenneth Nichols wa jeshi la Marekani akaingia ofisini kwake kuuliza urani. Alidhani atasubiri miezi, kumbe mzigo uko mjini humohumo! Wakaelewana haraka. Mzigo wa ghalani ukauzwa, na mwingine mkubwa zaidi uliokuwa Kongo ukaahidiwa.

Sasa hapa ndipo ninapotaka tutulie. Hofu iliyomfanya Sengier auhamishe ule mzigo ilikuwa Ujerumani. Lakini Ujerumani ilisalimu amri Mei 1945. Bomu likaangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti, Nagasaki tarehe 9, kwa Wajapani. Mpaka mwaka unaisha, Hiroshima peke yake walikuwa wamekufa watu wapatao 140,000, na Nagasaki kama 70,000.

Sisemi hivi kirahisi. Babu yangu mzaa mama alikuwa KAR, akapigana Burma. Agosti ile kikosi chao kilikuwa India, hawajui watapelekwa wapi tena. Mpaka anakufa aliamini bomu ndilo lililomrudisha Usukumani, na bila yeye kurudi mimi nisingekuwepo kuandika haya. Ni kweli pia kwamba wakubwa wa jeshi la Japani waligawanyika hata baada ya bomu la pili, wengine wakitaka vita iendelee.

Lakini Japani ilikuwa imeshabanwa. Meli zake zimekwisha, miji imeungua, na tarehe 8 Agosti Urusi ikatangaza vita nayo. Mwaka 1946 tume ya Wamarekani wenyewe ilisema Japani ingesalimu amri kabla ya mwaka 1945 kwisha hata bila bomu. Kwa Hiroshima bado nasitasita. Kwa Nagasaki, siku tatu tu baadaye, hata nafasi ya kukaa na kujibu hawakupewa! Hapo hamnipati.

Sengier alipewa medali na serikali ya Marekani mwaka 1946. Kuna madini yanaitwa sengieriti kwa heshima yake. Akafa Cannes, Ufaransa, mwaka 1963, mzee wa miaka 83.

Shinkolobwe, wachimbaji wadogo waliendelea kuingia humo kutafuta kobalti. Mwaka 2004 serikali ya Kongo ikapiga marufuku, na Julai mwaka huohuo mgodi ukaporomoka ukaua watu wanane. Nilipofika hapo, mzee mmoja pale kijiweni akaniuliza kama wale waliochimba wakati wa vita waliambiwa jiwe linaenda kufanya nini. Nikamjibu hapana mzee wangu, ilikuwa siri. Akatikisa kichwa, akaomba kikombe kingine.

Haya, mnaosema Nagasaki ilikuwa lazima, karibuni mnibishie.