Mwana wa Mshona Viatu

Hans Christian Andersen, mtungaji wa ngano za watoto, alizaliwa mwaka 1805 mjini Odense, katika nchi ya Denmark. Babaye alikuwa mshona viatu maskini, lakini alimsomea mwanawe hadithi za Alfu Lela Ulela, ambazo hata sisi huku twazijua. Nyanyaye alitunza bustani ya hospitali. Huko mtoto aliketi na vikongwe waliosokota nyuzi, akasikiliza ngano zao.

Baba alikufa mwaka 1816. Hans, mwenye miaka 14, akaenda Copenhagen peke yake. Bwana Jonas Collin akampatia msaada wa kusoma, naye akaketi darasani na watoto wadogo kuliko yeye. Sisi walimu twaijua aibu hiyo.

Mamaye, dobi asiyejua kusoma, alipokuwa mtoto alitumwa kuombaomba; akaona haya, akakaa chini ya daraja akilia. Tusomapo kisa cha msichana muuza viberiti, cha mwaka 1845, twamwona mama huyo. Yeye mwenyewe hakukisikia: alikufa mwaka 1833, miaka miwili kabla ya ngano za kwanza za mwanawe kupigwa chapa.