Fundi Konde, buda wa gitaa kabla ya kina sisi

Wasee wa Makina mnajua Kibra ilianza na askari Wanubi wa KAR. Sasa kuna msee mwingine wa jeshi hilo hilo ambaye silaha yake ilikuwa gitaa: Fundi Konde.

Alizaliwa Pwani 1924. Vita vya Pili vya Dunia vilipochacha, kikosi cha burudani cha KAR kilimbeba hadi India na Burma, kazi yake ikiwa kuchangamsha wanajeshi. Akarudi, Nairobi ikamshika. Ni kati ya Wakenya wa kwanza kabisa kupiga gitaa la umeme, na ngoma kama Tausi Ndege Wangu zilitamba vibaya. Kuna ingine inaitwa Majengo Siendi Tena. Yaani alitaja mtaa kwa ngoma kitambo kabla ya rapa yeyote!

Baadaye alihamia kwa mitambo, akawa anarekodi wenzake. Jina si lilikuwa limeshasema? Kisha twist ya kina Daudi Kabaka ikashika, benga ikafuata, na jina lake likapoa. Miaka ya 90, akiwa mzee, ngoma zake za kale zikatoka tena kwa CD.

Alifariki 2000. Shosh akiwa karibu, mwanzishie Tausi uone kama hatamalizia.