Nyerere na Gharama ya Utu

Kila ningojapo boti ya kuvukia Amu hapa gatini Mokowe, aghalabu husikia mjadala ule ule: bandari mpya iliyofunguliwa mwaka 2021 ni ya manufaa kwetu au kwa wageni? Nami humkumbuka Julius Nyerere.

Alizaliwa Butiama mwaka 1922, mwana wa Chifu Burito wa Wazanaki. Alisoma Makerere, kisha Edinburgh, alikohitimu mwaka 1952. Huko aliyasoma mawazo ya John Stuart Mill kuhusu uhuru wa mtu, lakini hakuyameza mazima. Aliyapima kwa maisha ya ukoo aliyoyajua utotoni. Mimi mwanaisimu huvutiwa na neno alilolichagua: ujamaa. Neno la nyumbani aliligeuza kuwa la siasa, akaipanua mipaka ya jamaa hadi ikamjumuisha binadamu yeyote.

Imani hiyo ilikuwa na gharama. Mwaka 1960 alikuwa radhi kuuchelewesha uhuru wa Tanganyika ili Kenya na Uganda ziupate pamoja nayo. Disemba 1965 alivunja uhusiano na Uingereza kwa ajili ya Rhodesia, na mkopo wa pauni milioni 7.5 ukamponyoka. Mwaka 1968, ingawa alikuwa mtetezi wa umoja wa Afrika, aliitambua Biafra, kwani kwake dola isiyolinda uhai wa raia haiwezi kudai utii wao.

Sidai kwamba alikuwa malaika. Mhubiri huyo wa undugu aliufunga mpaka na Kenya mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika; na nchini mwake watu waliwekwa kizuizini bila kushtakiwa. Falsafa njema haimwepushi kiongozi na makosa. Hata hivyo, humpa raia kipimo cha kumpimia, nasi tunaweza kumlaumu Nyerere kwa maneno yake mwenyewe.

Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999. Tangu hapo mikataba mikubwa imetiwa saini katika ukanda wetu, na wavuvi wa Lamu iliwabidi waende mahakamani kudai fidia ya bahari waliyoipoteza. Je, viongozi walioitia saini tutawapima kwa kipimo gani, ilhali hawakutuambia wanaamini nini? Faida pekee si kipimo, maana kila mtu huihesabu kwa kidole chake.