Ernst May: Mkimbizi aliyeipanga Kampala kisha akarejea kuijenga Ujerumani

Wanyarwanda wengi waliokulia Kampala wamepita mara nyingi katika miteremko ya Naguru na Nakawa pasipo kujua kwamba mpango wa vilima vile uliandaliwa na Mjerumani ambaye, miaka michache kabla ya hapo, alikuwa ametiwa kizuizini na Waingereza kama raia wa nchi adui. Aliitwa Ernst May.

Alizaliwa Frankfurt tarehe 27 Julai 1886. Ujanani alisoma London, kisha akafanya kazi chini ya Raymond Unwin, bingwa wa miji ya bustani. Vita Vikuu vya Kwanza viliiacha Ujerumani na uhaba mkubwa wa nyumba, na mwaka 1925 mji wake wa kuzaliwa ulimkabidhi usimamizi wa ujenzi wote. Katika muda wa miaka 5 zilijengwa nyumba zaidi ya 10,000 za watu wa kipato cha chini na cha kati. Zilikuwa nyeupe, zenye paa bapa na jua la kutosha, na nyingi zilikuwa na kibustani cha mboga. Jiko lake lilibuniwa mwaka 1926 na mwanamke msanifu, Margarete Schütte-Lihotzky: chumba chembamba ambamo mpishi huzunguka tu na kila kitu kipo mkononi. Makabati ya jiko yanayopigiliwa ukutani katika nyumba mpya za Kigali ni wajukuu wa jiko hilo.

Mwaka 1930 May aliongoza kundi la wasanifu kwenda Umoja wa Kisovieti, kupanga miji ya viwanda kama Magnitogorsk. Mambo hayakwenda alivyotarajia. Alipokuwa tayari kuondoka, mwaka 1933, Hitler alikuwa ameshika madaraka, na May, mwenye asili ya Kiyahudi, hakuwa tena na nyumbani pa kurudi. Akaja Tanganyika, akanunua shamba karibu na Arusha, na mtu aliyekuwa akihesabu nyumba kwa maelfu sasa akawa anahesabu miche ya kahawa.

Ukulima haukumtosheleza. Mwaka 1937 alifungua ofisi Nairobi na kurudia kalamu yake.

Kizuizini

Vita Vikuu vya Pili vilipozuka, serikali ya kikoloni haikumuuliza kwa nini alikimbia kwao. Pasipoti yake ilikuwa ya Ujerumani, na hilo lilitosha. Alichukuliwa hadi Afrika Kusini na kuwekwa kambini hadi mwaka 1942. Mtu aliyekuwa amekimbia utawala wa Hitler akafungwa kwa kudhaniwa kuwa wa upande wa Hitler!

Mwaka 1945 Waingereza haohao walimpa kazi kubwa: kupanga upanuzi wa Kampala. Taarifa yake ilitolewa mwaka 1947. Kwa ufundi, ni kazi ya kuheshimiwa. Hakulazimisha mistari iliyonyooka juu ya nchi ya vilima. Barabara zilifuata mikunjo ya ardhi, nyumba zikapanda juu, mabonde yakaachwa kuwa ya kijani. Mkazi wa Kigali ataelewa upesi hekima ya jambo hilo.

Lakini mpango huohuo uliwagawa watu. Wazungu walikuwa na upande wao, Waasia wao, na Waafrika wao. May aliamini kwamba Mwafrika angefundishwa maisha ya mjini hatua kwa hatua, kana kwamba miji ilikuwa mambo mapya katika bara hili lenye Kilwa, Lamu na Mombasa. Hata alibuni nyumba za vipande vya zege zilizopinda kama tao, zikikumbusha umbo la nyumba za asili. Wasomaji wetu wa Biryogo, mtaa ambao wakoloni Wabelgiji waliwatengea Waswahili, hawahitaji kuelezwa maana ya kupangiwa mahali pa kuishi kwa sababu ya wewe ni nani. Inasikitisha kwamba mtu aliyefukuzwa kwao na siasa ya nasaba hakuuona mgawanyo huo kuwa dhuluma, au aliuona akanyamaza.

Kazi nyingine alizoacha ni shule ya wasichana ya jumuiya ya Aga Khan mjini Kisumu, hoteli ya Oceanic Mombasa na kituo cha utamaduni cha Wachagga mjini Moshi.

Kurudi kwenye vifusi

Aliporejea Ujerumani mwaka 1954 alikuwa na umri wa miaka 67. Hamburg ilikuwa ingali na makovu ya mabomu ya mwaka 1943 yaliyoua makumi ya maelfu ya watu. May aliongoza idara ya mipango ya shirika kubwa la nyumba, Neue Heimat, akashughulikia ujenzi mpya wa Altona, kisha akashiriki kupanga Neue Vahr mjini Bremen, mtaa wa nyumba zipatazo 10,000. Vijana wa fani yake baadaye waliilaumu mitaa hiyo kuwa mikubwa na mikavu mno. Waliokuwa wakiishi katika vibanda na magofu walipokea funguo kwa furaha.

Alifariki Hamburg tarehe 11 Septemba 1970. Nyumba za kupanga za Naguru na Nakawa, zilizojengwa na serikali ya kikoloni katika eneo la mpango wake, zilibomolewa mwaka 2011, na waliozaliwa humo wakatawanyika.