William Froude na Meli za Nta

Mjenzi wa nyumba akikosea ukuta, huubomoa akaujenga upya. Mjenzi wa meli hana nafasi hiyo. Kosa lake huonekana wakati fedha nyingi zimekwisha kutumika, na meli imo baharini pamoja na watu ndani yake. Taabu hiyohiyo wanayo mafundi wa siku hizi wanaotengeneza mitambo ya kupata umeme kutokana na mawimbi ya bahari. Kwa hiyo kwanza hutengeneza mtambo mdogo wa mfano, wakaujaribu ndani ya tangi la maji. Kanuni wanayoitumia waliirithi kutoka kwa mhandisi mmoja Mwingereza, jina lake William Froude.

Froude alizaliwa tarehe 28 Novemba 1810 huko Dartington, katika jimbo la Devon, kusini-magharibi ya Uingereza. Baba yake alikuwa kasisi. Alisoma hisabati katika Chuo Kikuu cha Oxford, na kuanzia mwaka 1837 alijenga reli chini ya mhandisi mashuhuri, Isambard Kingdom Brunel. Baadaye aliacha kazi hiyo ili amtunze baba yake mgonjwa.

Brunel hakumsahau. Alikuwa akijenga Great Eastern, meli ya chuma yenye urefu wa mita 211, kubwa kuliko meli zote zilizokuwapo. Alimwomba Froude achunguze jinsi meli inavyokwenda mrama, yaani inavyolala upande huu na upande huu mawimbini. Mwaka 1861 Froude alieleza jibu lake mbele ya wahandisi wa meli. Kila meli ina muda wake wa kuyumba. Mawimbi yakija kwa kufuata muda huohuo, meli huyumba vibaya sana, hata kama mawimbi yenyewe si makubwa. Fikiri juu ya bembea. Ukiisukuma kila inaporudi, hupanda juu hata kwa nguvu ya kidole. Ukiisukuma ovyo, haiendi popote.

Swali la pili lilikuwa gumu zaidi. Meli fulani itahitaji injini yenye nguvu kiasi gani? Hapakuwa na mtu aliyeweza kujibu kwa hakika kabla ya meli kujengwa. Watu walikuwa wamekwisha kujaribu kukokota meli ndogo za mfano, lakini vipimo vyao havikulingana na vya meli kubwa. Basi wataalamu wengi waliziona meli hizo kuwa vitu vya kuchezea tu.

Froude hakukubaliana nao. Mwaka 1867 alitengeneza meli ndogo za maumbo mawili akazijaribu katika Mto Dart, karibu na alikozaliwa. Umbo la kwanza aliliita Kunguru. Lilikuwa limechongoka omo na tezi. La pili aliliita Batamaji, nalo lilikuwa la mviringo. Kila umbo alilitengeneza kwa ukubwa wa namna tatu: futi 3, futi 6 na futi 12. Ungedhani kwamba Kunguru, kwa kuwa amechongoka, angeshinda daima. Haikuwa hivyo. Katika mwendo wa polepole Kunguru aliteleza kwa urahisi, lakini mwendo ulipozidi, Batamaji ndiye aliyehitaji nguvu kidogo zaidi.

Jambo kubwa, hata hivyo, lilikuwa katika mawimbi. Meli inapokwenda hufanya mawimbi yake yenyewe, na sehemu ya nguvu za injini hupotea humo. Froude aliona kwamba meli ya futi 12 ilifanya mawimbi yenye sura ileile kama ya meli ya futi 3, mradi iende kwa mwendo mara 2 wa ile ndogo. Urefu mara 4, mwendo mara 2, kwa sababu 2 × 2 ni 4. Urefu ukiwa mara 9, mwendo uwe mara 3. Waliomtangulia walikosea kwa sababu hawakuchagua mwendo unaolingana na ukubwa wa mfano. Tena alitambua kwamba msuguano wa maji katika ngozi ya meli haufuati kanuni hiyo, hivyo aliupima peke yake kwa kukokota mbao nyembamba majini.

Mwaka 1868 aliiomba idara ya serikali iliyosimamia manowari impatie fedha za kujenga tangi la majaribio. Wataalamu wenzake walishauri kwamba meli kubwa tu ndizo zipimwe. Froude alipinga shauri hilo. Mwaka 1870 alipewa pauni 2,000, naye akakubali kuifanya kazi bila mshahara. Fedha za umma na jina lake vyote vilikuwa hatarini. Tangi lilijengwa karibu na nyumba yake mjini Torquay. Lilikuwa na urefu wa mita 85, upana wa mita 11 na kina cha mita 3, na juu yake palikuwa na paa. Majaribio yalianza humo mwaka 1872. Kigari kilichokwenda juu ya reli kiliikokota meli ya mfano, na chombo maalumu kikaandika nguvu iliyotumika. Meli hizo zilitengenezwa kwa nta, ambayo huchongwa upesi na huweza kuyeyushwa ikatumika tena.

Je, mfano ulisema kweli? Mwaka 1871 manowari Active iliikokota manowari nyingine, Greyhound, ili nguvu ya kuivuta ipimwe baharini. Mlingoti mrefu ulitokezwa ubavuni ili Greyhound isipite katika maji yaliyovurugwa na mwenzake. Kisha mfano wake, mdogo mara 16, ulikokotwa katika tangi kwa mwendo wa robo. Hesabu zilipofanywa, vipimo vya tangini vilikubaliana na vya baharini.

Baada ya kufiwa na mkewe mwaka 1878, Froude alisafiri kwa manowari hadi Afrika Kusini kupumzika. Alifariki Simon's Town tarehe 4 Mei 1879, akazikwa huko kwa heshima za kijeshi. Mwanawe, Robert Edmund, aliendelea na kazi ya tangi.

Katika mji wa Edinburgh, Scotland, mwaka 2014 lilifunguliwa tangi la mviringo lenye upana wa mita 25. Vibao 168 vinavyolizunguka husukuma maji na kufanya mawimbi kutoka kila upande. Mtambo ukifaulu katika tangi la namna hiyo, unaweza kupelekwa kwenye bahari halisi, kama huko visiwani Orkney, ambako kituo cha majaribio kilianzishwa mwaka 2003. Kwa kanuni ya Froude, mtambo wa mfano uliopunguzwa mara 16 ukitoa wati 1 tangini, mtambo kamili utatoa wati 16,384 hivi baharini. Lakini mnyororo wake wa nanga nao utavutwa kwa nguvu mara 4,096.