Lavoisier: Mtoza Kodi Aliyetupa Hesabu za Kemia

Tukisikia hesabu za moli wengi wetu hukunja nyuso. Leo ningependa kuwajuza juu ya Mfaransa aliyeweka msingi wake, Antoine Lavoisier.

Alizaliwa mjini Paris tarehe 26 Agosti 1743. Alisomea sheria, lakini moyo wake ulikuwa katika sayansi. Mwaka wa 1768 alijiunga na kampuni iliyomtozea mfalme kodi za chumvi na tumbaku. Raia waliichukia hiyo kampuni ajabu! Mwaka wa 1771 alimwoa Marie-Anne Paulze, binti ya mwenzake kazini, msichana wa miaka 13 tu. (Enzi hizo nani angeuliza?) Marie-Anne alijifunza Kiingereza ili amtafsirie mumewe maandishi ya kisayansi, na ndiye aliyemchorea vyombo vya maabara.

Katika kodi, kilichoingia na kilichotoka sharti vilingane. Mimi naona tabia hiyo aliingia nayo maabarani. Wataalamu wengine waliamini ati maji yakichemshwa sana hugeuka udongo, kwani masalio yalionekana ndani ya chombo. Bwana huyu akachemsha maji katika chombo cha kioo kilichozibwa, siku 101! Alipopima, uzito wa maji ulikuwa uleule. Kilichopungua ni chombo. Kumbe masalio yalitoka kwenye kioo!

Katika kitabu chake cha 1789 alieleza kwamba maada haizaliwi wala haipotei katika mmenyuko. Uzani wa atomi ulipimwa baadaye na wengine, lakini bila kanuni hiyo ungetufaa nini? Gramu 24 za magnesiamu zikiungua hutwaa gramu 16 za oksijeni, basi jivu jeupe ni gramu 40. Ukichoma gramu 6, yaani robo, utapata gramu 10, na hujagusa mizani bado.

Mwaka huohuo wa 1789 mapinduzi yakazuka. Watoza kodi walikamatwa mwaka wa 1793, na tarehe 8 Mei 1794 Lavoisier na wenzake 27 walihukumiwa na kukatwa vichwa siku iyo hiyo. Alikuwa na miaka 50. Baba mkwe wake alikuwa miongoni mwao, kwa hivyo Marie-Anne alipoteza baba na mume kwa siku moja, na mali ikatwaliwa. Mama huyo hakukaa kimya. Alikusanya makala ambayo mumewe alikuwa akiyaandaa akiwa gerezani, akayachapisha, akawagawia wanasayansi.